Mshubiri uliotudai subira



Katika Kiarabu, neno la subira na jina la utomvu mchungu wa mshubiri huandikwa kwa herufi zile zile tatu: swad, ba na ra. Wazee wetu wa pwani waliyapokea maneno yote mawili, wakatuachia "subira" na "shubiri", nasi tukayatumia kila siku hata tukasahau kuwa ni ndugu. Wiki hii tungependa kuzungumza juu ya mmea mmoja wa ukoo huo, ambao ulitukumbusha undugu wa maneno hayo hapa hapa nyumbani kwetu Kisarawe, tena kwa hasara.

Wengi wetu tunaufahamu mshubiri mmoja tu, ule tunaouita alovera. Huo ni mgeni aliyezoeleka. Wataalamu wa mimea wanaonyesha kuwa asili yake ni Bara Arabu. Mmea tunaousimulia leo ni mwenyeji. Kwao ni Handeni, mkoani Tanga, penye miamba ya Kideleko, na jina lake la kitaalamu ni Aloe dorotheae. Aliyeuandika katika vitabu vya elimu ya mimea ni Alwin Berger, Mjerumani aliyekuwa msimamizi wa bustani ya La Mortola nchini Italia, mwaka 1908. Sisi nyumbani tunauita mshubiri wa Handeni.

Ni mmea mfupi. Majani yake yamenona, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na kingoni yana miiba midogo myeupe. Ukiwa kivulini huwa wa kijani. Ukipata jua jingi na maji machache hugeuka rangi ya shaba, kisha ukawa mwekundu kama kaa la moto. Kwa sababu ya uzuri huo, wapenzi wa bustani wa Marekani na Ulaya wanaupanda katika vyungu na kuuziana miche yake. Lakini huko kwao porini, umewekwa katika orodha ya kimataifa ya mimea iliyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, daraja la mwisho kabla ya kusemwa kuwa porini haupo tena.

Mche wetu wa kwanza tulipewa na shangazi yetu anayeishi Handeni. Aliutenga kutoka katika shina mama lililokaa uani kwake miaka mingi, akaufunga kwa gazeti, ukasafiri kwa basi hadi Kisarawe. Tuliutafutia mahali pa heshima, karibu na sehemu ya kutawadhia, ili kila anayetawadha auone. Mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka saba wakati huo, alikuwa amefundishwa madrasa kwamba Mtume (rehema na amani zimshukie) alihesabu kuwa sadaka kila kinacholiwa na mtu, ndege au mnyama kutokana na mmea alioupanda Mwislamu. Basi akajipa kazi. Kila baada ya udhu, maji yaliyobaki katika kopo aliyamimina shinani. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha: mara tano kwa siku mmea wa miambani ulinyweshwa kama mpunga. Hakuna aliyemkataza, kwa kuwa sote tuliona ni jambo jema.

Ikaingia masika. Majani yakalegea, yakawa rangi ya chai, na asubuhi moja mtoto alipoligusa shina likabaki mkononi mwake, limeoza na linanuka. Alilia, akauliza kama ni yeye aliyeuua. Tulimjibu kwamba tumeuua sote, kwa mapenzi yasiyouliza. Tunaliandika jibu hilo hapa kwa ajili ya wazazi wenzetu, maana si mimea peke yake inayodhurika kwa mapenzi ya namna hiyo.

Shangazi alitutumia mche wa pili, na safari hii tuliuliza kwanza. Tuliyojifunza tunayaweka mbele yenu.

La kwanza ni kuuelewa mmea wenyewe. Mshubiri huweka akiba ya maji ndani ya majani yake. Hufungua matundu yake ya kuvutia hewa usiku, jua likiwa limekuchwa, ili akiba hiyo isipotee kwa joto la mchana. Mizizi yake imezoea mwamba, ambapo mvua hupita na kwenda zake. Mizizi hiyo inahitaji hewa, na udongo ukilowa wakati wote hukosa pumzi, ikaoza. Shina hufuata, na mara nyingi majani ndiyo ya mwisho kutoa habari.

La pili ni udongo. Milima hii ya Pugu na Kisarawe inajulikana kwa udongo wake mweupe wa kaolini. Udongo wa mfinyanzi wa namna hiyo unafaa kwa kazi nyingine, ila kwa mshubiri unashika maji kupita kiasi. Sisi tunachanganya sehemu mbili za mchanga mnene na kokoto ndogo kwa sehemu moja ya udongo wa juu, na konzi moja ya samadi iliyooza vizuri. Mchanga wa ufukweni tunauepuka kwa sababu ya chumvi. Chungu cha udongo ni bora, lakini hata kopo la rangi lililooshwa linafaa, mradi litobolewe chini.

La tatu ni maji. Tunachukua kijiti cha mishikaki, tunakichomeka udongoni hadi karibu na kitako cha chungu, kisha tunakichomoa. Kikitoka na unyevu, au udongo ukigandamana nacho, hatunyweshi. Kikitoka kikavu, tunanywesha mpaka maji yatoke chini, kisha tunauacha. Katika miezi ya kiangazi hapa kwetu, kati ya Juni na Septemba, hiyo huwa takriban mara moja kila siku kumi hadi kumi na nne. Wakati wa masika chungu tunakihamishia barazani, chini ya paa, na mvua tunaitazama tu.

La nne ni jua. Mmea uliolelewa kivulini usitolewe ghafla katika jua la mchana, kwa kuwa majani yataungua na kubaki na mabaka yasiyofutika. Anza na jua la asubuhi, uuongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu. Rangi nyekundu itakuja yenyewe. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba katikati ya majani, vifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kisha uangalie tena baada ya siku chache.

La tano ni kuuzalisha, na hapa ndipo ilipo furaha yote. Mshubiri huu hutoa machipukizi pembeni mwa shina. Chipukizi likishakuwa na mizizi yake, litenganishe kwa kisu safi, liache kivulini siku nne au tano mpaka kidonda kikauke, ndipo ulipande, na usilinyweshe kwa wiki nzima. Mbegu pia huota, lakini mishubiri ya aina mbalimbali ikichanua pamoja huchanganya damu kwa urahisi, na kinachoota huenda kisifanane na mama. Chipukizi ndilo lenye uhakika.

Tuongeze tahadhari moja kwa ajili ya akina mama na wauguzi wa nyumbani: si kila mshubiri ni dawa. Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda la jani huendesha tumbo kwa nguvu, na hatari yake ni kubwa zaidi kwa mjamzito na mtoto. Mshubiri wa Handeni tunautazama, hatuunywi.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike. Mwezi wa Shaaban uliopita, kijana mmoja alibisha hodi akiwa na baiskeli na gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na mishubiri ya aina mbalimbali iliyong'olewa, mingine bado imeshika vipande vya mawe mizizini. Bei aliyoitaja ilikuwa chini ya bei ya kilo moja ya sukari. Bibi yetu alitoka barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimea hii umeipanda wapi?"

"Sikuipanda, bibi. Imeota yenyewe huko milimani. Ni ya Mungu tu."

"Ni ya Mungu, ndiyo. Na huko ulikoitoa, umebakisha mingapi?"

Kijana alitazama chini, hakujibu.

Nyumbani kwetu tulihitilafiana. Baadhi yetu walisema mimea imeshang'olewa, na tusiponunua itakufa ndani ya gunia. Tena kijana huyu anatafuta riziki, na kumrudisha mikono mitupu ni ukatili. Hoja hizo zina uzito, na hatukuzipuuza. Lakini gunia tunalolinunua leo ni agizo la gunia la kesho. Mmea unaoota katika miamba michache ya wilaya moja hauwezi kuhimili magunia mengi. Mvunaji mmoja mwenye panga na siku mbili za kazi anaweza kumaliza kilichosubiri mamia ya miaka. Hatukununua. Bibi alimwandalia kijana chakula, kisha akamkatia machipukizi matatu ya uani, akamweleza kwamba shina moja likitunzwa humpa mtu miche ya kuuza mwaka baada ya mwaka, bila kupanda mlima. Aliyapokea kwa adabu, akaondoka. Mpaka leo hajarudi, na kila tukisikia kengele ya baiskeli tunatoka kutazama.

Sheria nazo zipo. Mkataba wa CITES, uliotiwa saini mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, unasimamia biashara ya kimataifa ya mishubiri yote isipokuwa alovera peke yake. Kwa hiyo ndugu zetu wanaokuja likizo kutoka Maskati au London, wakitamani kuondoka na chipukizi mkobani, wajue kwamba linahitaji kibali. Lakini hakuna askari wa kusimama kila penye mwamba. Sisi wakazi wa Kisarawe tunalijua hilo vizuri, maana tumeona jinsi mkaa ulivyoula msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, wenye mimea isiyopatikana popote pengine, huku kila mnunuzi akisema kuwa gunia lake ni moja tu.

Tunachowaomba wasomaji wetu ni kidogo. Kabla ya kununua mmea wa porini, ulizeni swali la bibi: umeupanda wapi? Mkiwa na mshubiri wa aina adimu uani, uleeni, utengeni machipukizi, mpeni jirani, ili mwenye kuutaka asiwe na haja ya kuufuata mlimani.

Mtoto wetu sasa ana miaka tisa, na kijiti cha mishikaki ni chake. Hakuna anayeruhusiwa kunywesha kabla yeye hajapima. Mwaka huu mmea ulitoa ua kwa mara ya kwanza, bua moja lenye vikengele vinavyoning'inia, na asubuhi ndege chozi huja kufyonza utamu wake. Mtoto hukaa barazani akiwahesabu. Hiyo, anasema, ndiyo sadaka yake.

Wabillahi tawfiq.