Nyama ya Kopo Ihesabiwe Kuwa Chumvi

Katika kliniki za shinikizo la juu la damu, ushauri kuhusu nyama ya kopo huwa mfupi: acha. Ni ushauri mwepesi kutolewa na mgumu kutiiwa, kwa kuwa anayeambiwa hakulinunua kopo kwa anasa. Amelinunua kwa sababu hana jokofu, au anatoka kazini usiku bucha zikiwa zimefungwa, au mkaa uliobaki hautoshi kulainisha nusu kilo ya nyama ya ng'ombe mzee. Dereva wa lori, mwanafunzi wa bweni, mlinzi wa zamu, ndugu anayeuguza mgonjwa mbali na kwao: hao ndio wateja wa kopo. Wakiambiwa waache bila kuambiwa wapike nini, wataitikia kwa heshima, kisha watapita dukani wakirudi nyumbani.

Wala si chakula kigeni. Kiwanda cha Tanganyika Packers, Kawe, kiliisindika nyama hiyo miaka mingi, na Kenya ina kiwanda cha Athi River. Kwa bei ya dukani kopo si la kumvutia mnyonge. Unafuu wake uko katika muda na mkaa. Mwenye vyote viwili atapata mlo nafuu na bora kwa dagaa au kunde, na hilo lisemwe wazi.

Jina la Kiingereza la nyama hii huwapotosha baadhi ya watu, wakadhani linahusu mahindi. Asili yake ni punje za chumvi zilizotumika zamani kuhifadhia nyama, na chumvi ndiyo habari kuu ya kopo. Viwanda hutofautiana, lakini gramu 100 kwa kawaida huwa na sodiamu ya miligramu 900 hivi. Kopo la gramu 340 basi hubeba miligramu 3,000 na ushei. Sodiamu ikizidishwa kwa 2.5 hutoa kiasi cha chumvi: gramu 7 na nusu, yaani kijiko kimoja na nusu cha chai. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, kutoka katika vyakula vyote. Anayemaliza kopo peke yake kwa mkate amekula chumvi ya siku moja na nusu, kabla ya kuihesabu ya mkate wenyewe.

Hata hivyo, kopo halina lawama yote. Mpishi kwa mazoea hutia chumvi katika kila kinachoingia sufuriani, huongeza viungo vya pakiti ambavyo navyo vina chumvi, na kando huchemsha wali uliotiwa chumvi. Mgonjwa aliyeambiwa apunguze chumvi hudhani ni ile mbichi ya kunyunyizia mezani, na kwa dhamiri safi hujibu kwamba ameiacha. Mtoa huduma naye huandika kwamba dawa mbili hazikutosha, akaongeza ya tatu.

Kopo lihesabiwe kuwa chumvi na mafuta ya sufuria nzima, si kitoweo cha mtu mmoja. Kwa watu 6, moja latosha. Kipande chenye mafuta zaidi kiyeyushwe kwa moto mdogo pamoja na vitunguu viwili. Mafuta mengine hayahitajiki. Hufuata nyanya nne, viazi mbatata sita vilivyokatwa vidogo na maji ya kufunika. Viazi vikikaribia kuiva, hutiwa nusu ya kabichi, kisha nyama iliyobaki, dakika 5 kabla ya kuepua. Sufuria hiyo haitiwi chumvi hata chembe. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ndimu vitaukoleza mchuzi. Huliwa na ugali, ambao kwa bahati njema wengi huusonga bila chumvi. Wali ukipikwa, nao usitiwe. Kila mlaji hupata nyama gramu 55 hivi, yenye protini ya gramu 14 hivi, na chumvi ya gramu 1 na robo. Maharage yaliyochemshwa jana bila chumvi yaweza kushika nafasi ya viazi, na kwa mwenye kisukari hayo ndiyo yafaayo zaidi. Mwanzoni watu watalalamika kwamba chakula hakijakolea. Ulimi huzoea baada ya wiki chache.

Mara ngapi? Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu, likikadiria kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Hesabu hiyo ni ya mlaji wa kila siku. Sufuria iliyoelezwa hapa ikipikwa mara mbili kwa mwezi ni jambo jingine. Ikipikwa kila jioni, kabichi haitamwokoa mtu.

Kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye mshono litupwe bila kuonjwa, kwani sumu ya botulizimu si lazima inuke. Mwaka 1964 mjini Aberdeen, Uskoti, watu zaidi ya 400 waliugua homa ya matumbo iliyofuatiliwa hadi kwenye nyama ya kopo kutoka Argentina, iliyopozwa kiwandani kwa maji ya mto yasiyotiwa klorini. Mashine ya dukani ya kukatia nyama ikaisambaza. Pasipo jokofu, nyama yote ipikwe na kuliwa siku ileile kopo linapofunguliwa.

Wapo ambao mlo huu hauwafai. Mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi, anayevimba miguu, hana nafasi hata ya gramu hiyo na robo kwa mlo mmoja bila kupata ushauri. Kwa mgonjwa wa figo aliyeelekezwa kupunguza potasiamu, viazi, nyanya na maharage ni mzigo wa pili juu ya chumvi. Hao wapelekwe kwa mtaalamu wa lishe mapema. Wengine wote waulizwe swali tofauti na lile lililozoeleka: kopo hilo huliwa na watu wangapi, na ni nini kingine mezani kilichotiwa chumvi siku hiyo?