Chora paa kwanza, vyumba vitafuata

Mimi ni fundi kenchi hapa Kifanya, Njombe. Kila Desemba kazi zangu nyingi huwa si za kuezeka, ni za kupanda juu ya mapaa mapya yaliyoezekwa na wengine. Napokelewa kwa "kamwene, fundi," kisha naonyeshwa dari lenye doa la kahawia, na maelezo ni yale yale: tumeuziwa mabati mabovu.

Mabati mara nyingi hayana kosa. Maji yameingia pale pande mbili za paa zinapokutana kwa ndani, kwenye vali. Na vali haikuletwa na muuza bati wala fundi. Ililetwa na ramani.

Hesabu yake haihitaji chuo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 30 si ajabu kwetu mwezi wa Januari. Ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 120 ni lita 3,600, yaani mapipa 18. Paa la migongo miwili huyamwaga mapipa hayo kushoto na kulia kwa urefu wote wa nyumba, basi. Paa la kona nyingi huyakusanya kwenye vali mbili tatu, na vali daima huinama kidogo kuliko paa lenyewe: paa likiwa na nyuzi 20, vali yake ina kama 14 tu. Penye maji mengi ndipo yanapokwenda polepole. Ongeza majani ya misindano, ambayo Njombe hayakosekani, na mbao mbichi zinazojikunja baada ya kupigiliwa. (Tunauza mbao nchi nzima, lakini sisi wenyewe tunaezekea zilizotoka msumenoni juzi.)

Mwalimu mmoja mstaafu alinijia na ramani kwenye simu, imechorwa Dar es Salaam, mbele ina vipaa vitatu vya pembe tatu vimebanana.

"Mwalimu, maji ya hapa katikati yanakwenda wapi?"

Akaikuza picha kwa vidole. Vipaa viwili vilikuwa vinamwaga maji kwenye ukuta wa chumba chake cha kulala.

"Yatatafuta njia, fundi."

"Yataipata, na itapita kitandani kwako."

Tukakaa na penseli. Kipaa kimoja tulikifuta kabisa. Cha kibaraza tulikishusha chini ya ukingo wa paa kubwa, kikawa cha mteremko mmoja, kisiingie kwenye mwili wa paa. Cha tatu kilibaki kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa ameshawaonyesha dada zake picha, na hapo mimi si mtu wa kubishana. Lakini nilikipa nyuzi zile zile za paa kubwa, vali ikatokeza nje ya ukuta, na bati lake nililikata pana, kingo zake zimekunjwa juu ili maji ya kasi yasirukie upande wa pili. Silikoni sikuitumia. Baridi ya Julai na jua la Oktoba huipasua, na anayeitegemea ameshapanga siku ya kuitwa tena.

Dohani nazo, kwa kuwa sisi ni watu wa baridi, zina balaa lake. Maji yanayoshuka hugonga mgongo wa dohani na kutuama. Hapo panatakiwa kipaa kidogo cha kuyagawa kushoto na kulia. Ni kazi ya saa chache, lakini karibu kila dohani niliyoikuta inavuja haikuwa nacho.

Kuna kuvuja kwingine ambako si kuvuja. Usiku wa Juni mvuke wa jikoni hupanda, hukuta bati la baridi, hugeuka matone. Watu hubomoa paa zima kwa ajili hiyo. Dawa yake ni matundu ya hewa kwenye kuta za pembe tatu, juu ya dari.

Lawama yangu basi naielekeza kwa wachoraji, na kwa sisi tunaowalipa kwa kuhesabu vyumba. Hesabu kona za kuta zako za nje zinazoingia ndani kabla ya kuhesabu vyumba, maana karibu kila moja itakuwa vali. Umbo la herufi L lina moja, la T lina mbili, la mstatili halina hata moja, na vyumba vinne vinaingia vizuri kwenye mstatili.

Na halmashauri ya mji, inapopokea maombi ya kibali cha ujenzi, iangalie ukurasa wa paa kwa jicho lile lile inaloangalia choo na mpaka wa kiwanja. Mishale ichorwe kuonyesha maji yanakotoka, yanapoangukia na yanakotokea uani. Mshale ukiishia ukutani, ramani irudishwe kwa mchoraji. Kumrudisha yeye ni nauli tu. Kunirudisha mimi juu ya paa Desemba ni mbao, mabati na dari jipya.