Adui wa kompyuta akikukataa, si akwambie sababu?

Umecheza Civilization VI zamu themanini bila kumchokoza mtu. Mpaka wako na Qin Shi Huang wa Uchina umetulia, misafara ya biashara inapita, wewe unajenga tu. Unamaliza Piramidi, unajipigia makofi. Mara Qin anatokea kwenye skrini amekunja uso, hataki hata kukuona. Umemkosea nini? Umejenga Piramidi. Basi.

Katika gemu hiyo iliyotoka 2016, kila kiongozi anayechezwa na kompyuta ana ajenda mbili, moja ya wazi na nyingine ya siri. Ya Qin ni kwamba maajabu ya dunia yawe yake. Ukishaijua utamkwepa, lakini huwezi kukaa naye chini umwambie, "Bwana, hili niachie, lile lijalo ni lako." Huyo si jirani, ni mtego uliovalishwa sura ya mtu.

Ndiyo maana wengi wetu huona diplomasia ya gemu ni kupoteza wakati, tunaunda jeshi na kumaliza maneno. Tunasema kompyuta ni bonge la mjinga. Mimi nafikiri tunailaumu kwa kosa lisilo lake. Shida kubwa si akili yake. Shida ni kwamba hesabu yake hatuioni, na tukiiona hatuna la kuifanyia.

Tazama Zanzibar katika gemu hiyo hiyo. Ni mji huru usioongozwa na mchezaji yeyote. Unautumia wajumbe, na mwenye wajumbe wengi zaidi, wasiopungua watatu, ndiye anakuwa mlezi wake na kupata karafuu na mdalasini wake. Kila mtu anajua kanuni. Ukipitwa unajua umepitwa kwa wangapi, na unajua cha kufanya. Hakuna anayeng'oa nywele kwa sababu ya Zanzibar.

Wabunifu wenyewe wamelipima hili zamani. Civilization IV ya 2005 ilikuonyesha kwa alama za kujumlisha na kutoa kwa nini kiongozi fulani anakupenda au anakuchukia: mna dini moja, ulimpiga rafiki yake, na kadhalika. Civilization V ilipotoka 2010 alama hizo zilifichwa, ati viongozi waonekane kama binadamu wasiotabirika. Wachezaji waliona vichaa tu. Wakalalamika, na sasisho likarudisha maelezo. Soren Johnson, aliyebuni Civilization IV, alitoa hotuba mwaka 2008 akieleza kwamba kompyuta ya gemu hii haiko pale kukushinda kwa kila njia. Kazi yake ni kukupa mchezo mtamu, hata kama mwisho itashindwa.

Gemu iliyonifurahisha zaidi kwa hili ni Total War: Three Kingdoms ya 2019. Unaweka ofa mezani, nambari inatokea kando. Ikiwa chini ya sufuri, umekataliwa. Unaongeza chakula, nambari inapanda. Unaongeza dhahabu kidogo, inapita sufuri, mmekubaliana. Ni Gikomba kabisa! Muuza mitumba akikataa mia mbili yako hakuachi umeduwaa. Anakwambia, "Ongeza hamsini, kastoma, hii ni kamera." Unajua uko umbali gani na suruali.

Sasa kuna wanaosema dawa ni akili unde: wape viongozi uwezo wa kuongea, tupige stori nao. Kabla hujashangilia, kumbuka Cicero. Mwaka 2022 kampuni ya Meta ilionyesha programu hiyo ikicheza Diplomacy, mchezo wa ubaoni ambao ushindi wake uko kwenye mazungumzo. Ilicheza michezo 40 mtandaoni na binadamu, ikaingia asilimia 10 ya juu. Ilikusudiwa iwe mkweli. Lakini watafiti waliosoma mazungumzo yake, katika makala ya 2024, walionyesha ikicheza kama Ufaransa: ilipatana na Ujerumani kuivamia Bahari ya Kaskazini, kisha ikaiahidi Uingereza kwamba ingeilinda yeyote akiingia bahari hiyo. Noma!

Kati ya watu saba mezani, huo ndio utamu wenyewe. Lakini wewe peke yako saa nane usiku, ukidanganywa kwa Kiingereza safi na mashine usiyoona mawazo yake, si umerudi tu kwa Qin? Tofauti ni kwamba huyu anaongea vizuri.

Civilization VII ya Februari 2025 imeenda upande mwingine. Diplomasia sasa ina sarafu yake, ushawishi. Ukipendekeza jambo unalipa, na mwenzako akitaka kulikataa kabisa naye analipa. Hiyo nimeipenda, kwa sababu kukataa kuna gharama inayoonekana. Lakini wametuondolea ile meza ya zamani ya kubadilishana hiki kwa kile, na bila kupatana bei mazungumzo yamekuwa kama kubonyeza menyu ya simu. Bei iko wazi, muuzaji hayupo.

Ningetaka vyote viwili: nambari ya Three Kingdoms, na Qin anayekubali kuuziwa ahadi, halafu aikumbuke zamu hamsini baadaye nikiivunja. Hilo halihitaji mashine inayopiga stori. Kwa sasa, wikendi hii narudi kwake, na Piramidi nitamwachia.