Si Wino Peke Yake

Imeandikwa mara nyingi kwamba tatuu nzuri ni wino ghali, na kwamba chale za wazee zilikuwa ukatili mtupu. Dai la kwanza ni kosa, la pili ni dharau.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani Friedrich Fülleborn alichapisha kitabu kuhusu watu wa Nyasa na Ruvuma, yakiwemo mapambo ya miili yao. Mashariki zaidi, fundi wa Kimakonde alichanja ngozi kwa kisu kidogo, akasugua mkaa wa mbarika, kisha akairudia kazi hiyo ili mistari ikolee. Kaboni ya mkaa huo haififii upesi. Ndiyo maana vikongwe wa Kimakonde wamebaki na nembo za buluu iliyokoza.

Gharama ilikuwa kidonda. Mkato hupona polepole kuliko tundu la sindano, na ngozi nyeusi huelekea zaidi kuota makovu manene.

Mashine ya umeme ya kuchora tatuu, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1891, hudunga vitundu ambavyo juu hufunga kwa wiki mbili hadi nne. Hata hivyo, sindano ikizama mno wino husambaa. Isipofika kina cha kutosha, rangi hubanduka na ngozi. Njano na nyeupe hazionekani vyema kwenye ngozi nyeusi, tena jua huzififisha. Mvuvi wa Mbamba Bay au Liuli azingatie hilo.

Kijana wa Mbinga, mpime fundi kwa mkono wake kabla ya kuuliza wino. Ikatae sindano iliyokwisha kutumika: homa ya ini na VVU huambukizwa kwa damu.