Uliza Ujira Kabla ya Kuinua Mzigo

Ndugu mtahiniwa,

Katika somo la Historia umejifunza kuhusu njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji. Huenda umekariri hata bidhaa zake: pembe za ndovu, watumwa, nguo na shanga. Lakini kumbuka pia kwamba watu wa aina mbili walibeba mizigo katika njia ile. Wa kwanza ni mpagazi wa Kinyamwezi. Huyu alipatana ujira kabla ya kuinua mzigo, akadai posho yake njiani, na akidhulumiwa aliweza kuutua na kuondoka. Wa pili ni mtumwa, ambaye hakuulizwa kitu. Kwa mbali, wote walikuwa wasafiri. Kilichowatenganisha ni mapatano.

Nakukumbusha haya kwa sababu mwezi Novemba utamaliza mtihani, kisha utakaa nyumbani miezi mingi kabla ya kidato cha tano. Huo ndio wakati wa kuwa macho, hasa wewe msichana. Anaweza kuja mtu, ana kwa ana au kwa simu, akakusifu urefu na umbo lako, akakuambia kwamba utakuwa mwanamitindo Ulaya na nauli atalipa yeye. Maoni yangu ni kwamba msichana aliye chini ya miaka 18 asikubali safari hiyo, hata kama wazazi wameridhia.

Sababu ya kwanza ni deni. Mwaka 2023 gazeti la Sunday Times la Uingereza liliandika habari za vijana wakimbizi wa kambi ya Kakuma, nchini Kenya, waliopelekwa Ulaya kufanya kazi ya uanamitindo. Baadhi yao walirudi kambini wakidaiwa maelfu ya yuro. Nauli, viza na malazi walivyodhani wamelipiwa viliandikwa kuwa mkopo. Hivyo, mtu alifanya kazi, akarudi akiwa maskini kuliko alivyoondoka.

Sababu ya pili ni umri. Mwaka 2017 makampuni makubwa ya mitindo ya Ufaransa, LVMH na Kering, yaliahidi kutotumia wanamitindo walio chini ya miaka 16 kuonyesha mavazi ya watu wazima. Kama watoto hawakuwa wakitumika, ahadi hiyo ilikuwa ya nini? Msichana wa miaka 15 aliye ugenini, asiyejua lugha ya mkataba wake, akiambiwa ajinyime chakula ili apungue, atamwambia nani kwamba hataki?

Sababu ya tatu ni sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Nayo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 haikubali ridhaa ya mtoto, wala ya mzazi wake, kuwa utetezi wa msafirishaji. Kwa hiyo, maneno "mama yake alikubali" hayamwokoi mtu huyo mahakamani.

Utaniuliza, mbona Flaviana Matata, mzaliwa wa Shinyanga, amefanikiwa? Ni kweli, na tunajivunia. Lakini alikuwa mtu mzima aliposhinda taji la Miss Universe Tanzania mwaka 2007, na uhandisi wa umeme ameusomea. Mtu mwenye ujuzi mwingine anaweza kuikataa kazi mbaya. Asiye nao huvumilia.

Basi, wakala akikujia, muulize mbele ya wazazi wako: Nauli hii ni zawadi au ni deni? Nani atashika pasipoti yangu? Nikitaka kurudi kesho, nani atanirudisha? Akikasirika, amekwisha kukujibu. Piga simu namba 116, ambayo ni huduma ya simu kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Siikatai kazi ya uanamitindo. Ukishafika miaka 18, una cheti mkononi na bado unaitaka, ifuate. Lakini ifuate kama mpagazi wa Unyanyembe: patana kwanza, na hakikisha unaweza kuutua mzigo ukidhulumiwa.