Kabla hujatupa kaseti za babu

Kijana wa Kibokoni, Bondeni au Makadara, hebu sema kweli: unajua nyanya yako alipenda wimbo gani alipokuwa msichana? Dawa zake za presha tunazijua, tarehe ya kliniki tunaijua, lakini hilo wengi wetu hatujawahi kumuuliza. Na linaweza kumsaidia.

Muziki kama tiba si porojo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, yale ambayo mtaani tunayaita "uzee tu". Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha muziki huenda ukawapunguzia huzuni. Hauponyi, na mgonjwa anapopandwa na fujo au hasira haujaonekana kuleta tofauti kubwa. Tusidanganyane. Lakini mtu aliyesahau jina la mjukuu wake mara nyingi bado ataimba ubeti mzima wa wimbo wa ujanani, maana nyimbo za umri ule hukaa akilini kuliko nyingine. Wako pia waliopigwa na kiharusi wakapoteza usemi, ila ukiwaanzishia wimbo maneno yanatoka. Wataalamu huitumia njia hiyo kuwarudisha taratibu kwenye kuzungumza. Wenye maradhi ya Parkinson nao hufundishwa kutembea kwa kufuata mdundo.

Sasa piga hesabu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1970, leo ameshapita 70. Ujana wake hapa kisiwani ulikuwa wa taarabu: Juma Bhalo na mahadhi yake ya Kihindi, Zein l'Abdin na udi wake, Matano Juma, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma. Watu walirekodi, kaseti zikauzwa katika maduka kama Mbwana Radio, zikachezwa mpaka utepe ukakwaruza. Juma Bhalo alifariki 2014, Zein 2016. Zile kaseti bado zimo kwenye masanduku uvunguni, joto na unyevu wa Pwani unazila, na kila nyumba ikipakwa rangi kwa ajili ya Idi tunazimwaga jaani. Sisi tunaona takataka. Kwa mwenyewe, huo ndio ujana wake.

Lakini usidhani kila mzee ni mtu wa taarabu. Yuko mcha Mungu aliyeacha nyimbo zamani, huyo msikilizishe kasida. Yuko aliyekuja kufanya kazi bandarini, na moyo wake uko kwa rumba ya Kongo. Yuko bibi wa Rabai mwenye ngoma za kwao. Kwa hivyo muulize kwanza, usimbandikie orodha uliyopewa na simu. Weka sauti ya kiasi, kaa naye, usimwachie spika ukaondoka zako. Wimbo unaweza pia kutonesha kidonda, labda ulipigwa kwenye arusi ya ndoa iliyovunjika. Akilia, mshike mkono. Akisema zima, zima.

Haya ni ya nyumbani. Tiba yenyewe hufanywa na mtu aliyesomea, na hapo ndipo serikali inapodaiwa. Kifungu cha 57 cha Katiba kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya familia na ya serikali, zote mbili. Kaunti ya Mombasa ingeweza kuanza na kidogo: wodi moja katika Hospitali Kuu ya Pwani, siku moja kwa wiki, mpiga udi akae pamoja na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wapiga udi si tunao? Wagonjwa wa kiharusi tunao pia, wamelala wakitazama dari.

Wewe usingoje kaunti. Ijumaa hii, pilau ikishaliwa, chukua kalamu uandike nyimbo tano anazozitaja, nani aliimba, na alizisikia kwenye arusi ya nani. Sanduku likiwa bado uvunguni, mtafute fundi wa redio akuhamishie kaseti kwenye simu kabla utepe haujakatika.