Tamko la Walimu wa Historia: Njaa ya Maji Maji Iliamriwa

Sisi walimu wa historia wa shule za sekondari za kusini mwa Tanzania, tuliokutana chini ya chama chetu, tunatoa tamko hili kwa wananchi, kwa walimu wenzetu kote nchini, kwa watunzi wa mitaala na vitabu vya kiada, na kwa Serikali na Bunge la Ujerumani.

Kila mwaka ifikapo tarehe 27 Februari, watu hukusanyika Songea, kwenye Makumbusho ya Maji Maji, kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Hutajwa kuwa 67. Wana kaburi, wana mnara, na jina la Nduna Songea Mbano limekuwa jina la mji. Tunawaheshimu, na wengi wetu tumesimama pale na wanafunzi wetu tukiwasomea majina. Lakini Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba Waafrika waliokufa katika vita vya Maji Maji ni 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyewasikiliza wazee wa Umatumbi na Ungindo katika miaka ya 1960, alifikia kati ya 250,000 na 300,000. Upande wa serikali ya kikoloni walikufa Wazungu 15 na Waafrika 389 waliokuwa askari na wasaidizi wao. Hata tukichukua hesabu ndogo kuliko zote, tukaondoa walionyongwa, tukaondoa na walioanguka mbele ya bunduki za rashasha pale Mahenge tarehe 30 Agosti 1905 na kwenye mapigano mengine, bado umati mkubwa mno unabaki. Hao wengi wao ni wazee, akina mama na watoto waliokufa njaa. Hawana kaburi la pamoja, na vitabu vyetu huwamaliza kwa sentensi moja.

Sentensi yenyewe tunaijua kwa moyo, kwa sababu ni sisi tunaoiandika ubaoni: baada ya vita, njaa kali ilizuka. Mwanafunzi huinakili, huirudia kwenye mtihani, na sisi humpa alama yake. Njaa ilizuka, njaa iliingia, njaa iliikumba nchi. Kwa vitenzi hivyo mwanafunzi hawezi kuuliza nani aliyefanya, maana njaa imefanywa kuwa mgeni aliyejileta mwenyewe, kama nzige au masika yaliyochelewa. Kiswahili hakijatunyima maneno. Tuna kufa na tuna kuuawa. Baada ya kuyapitia upya yale tunayofundisha, tumekubaliana kwamba kwa watu hawa tumekuwa tukitumia neno lisilo lao.

Mwezi Oktoba 1905, Kapteni Wangenheim aliandika katika ripoti yake kwamba, kwa maoni yake, ni njaa na dhiki pekee zitakazowafanya watu wasalimu amri kabisa, na kwamba silaha peke yake zingekuwa kama tone baharini. Vikosi vya Gavana Gustav Adolf von Götzen vilifanya hivyo hasa: walichoma vijiji, wakachukua au wakateketeza nafaka, wakaswaga mifugo, wakaharibu mashamba. Götzen mwenyewe hakuficha. Katika kitabu chake kuhusu vita hivi, kilichotoka mwaka 1909, alieleza kwamba uharibifu wa mali na chakula cha adui haukuepukika katika vita vya namna ile. Ndiyo maana tunasema njaa hii iliamriwa. Kuna aliyeipendekeza kwa maandishi, kuna aliyeiruhusu, na kuna waliotumwa kwenda kuitekeleza kijiji hadi kijiji.

Mkulima yeyote wa huku kwetu ataelewa jambo ambalo vitabu havilielezi. Mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka. Oktoba na Novemba ni miezi ya kutayarisha shamba, na kilichobaki kwenye kihenge wakati huo ni akiba ya kuwafikisha watu kwenye mavuno pamoja na mbegu ya kupanda. Anayechoma kihenge mwezi wa Novemba anachoma chakula cha leo na shamba la mwakani kwa kiberiti kimoja. Kisha anawafukuza watu porini, mvua inanyesha, na hakuna wa kulima wala cha kupanda. Kwa hiyo njaa iliendelea kuua hata baada ya milio ya bunduki kwisha sehemu nyingi mwaka 1906, na hata baada ya Götzen mwenyewe kurudi Ulaya. Mapori yakarudi palipokuwa mashamba. Sehemu za Ungindo ambazo leo watalii huonyeshwa kama nyika isiyowahi kuguswa zilikuwa na watu.

Tunajua majibu yanayotolewa, kwa kuwa tunayasikia darasani kila mwaka.

Jibu la kwanza ni kwamba wenyeji ndio walioanza. Ni kweli kwamba mnamo Julai 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, walikwenda kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Tunasema kwa dhati kwamba aliyeng'oa pamba alikuwa na haki ya kuing'oa. Lakini hata asiyekubaliana nasi katika hilo atueleze mtoto mchanga wa Ungoni alianza nini. Utawala wa kigeni unaochukua nchi ya watu kwa nguvu hubeba dhamana ya uhai wao, wapende wasipende kuwa chini yake. Serikali ile iliwafahamu watu hawa kiasi cha kuwatoza kodi na kuwapangia siku za kazi katika mashamba ya pamba. Haiwezi kudai kwamba haikuwafahamu ulipofika wakati wa kupima nani ni mpiganaji na nani ni mama mwenye mtoto mgongoni. Wala sheria haikuwa ngeni kwao. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1899, ambao Ujerumani iliuridhia, ulikataza kuwaadhibu watu wote wa mahali kwa matendo ya baadhi yao. Madola ya Ulaya yaliamua tu kwamba kinga hiyo haiwahusu watu wa makoloni. Hata Berlin kwenyewe walikuwepo wabunge waliopaza sauti dhidi ya maovu ya makoloni, na mwaka 1906 bunge lao lilivunjwa kwa sababu ya mgogoro wa fedha za vita vya Afrika Kusini-Magharibi, yaani Namibia ya leo. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba kila mtu wa wakati ule aliona jambo hili kuwa la kawaida.

Jibu la pili humtupia lawama mganga Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe na maji yake, ambayo wapiganaji waliamini yangewakinga na risasi. Wanafunzi wetu wengi humfahamu kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, na swali la dhamana ya kiongozi mbele ya wafuasi wake ni swali zito tunalolijadili nao bila kuona haya. Lakini Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vihenge vilichomwa yeye akiwa kaburini. Mwanamke aliyekufa akichimba mizizi porini mwaka uliofuata hakuuawa na imani ya mtu yeyote juu ya maji.

Jibu la tatu ndilo linalotuuma, na hatutalikwepa. Wengi wa walioshika mienge walikuwa Waafrika: askari kutoka Sudan na sehemu nyingine za Afrika, askari kutoka makabila ya nchi hii hii, na ruga-ruga waliofuata nyuma wakitafuta nyara. Vilevile wapiganaji wa upande wetu waliua watu wasio na silaha. Tarehe 14 Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss, mabradha wawili na masista wawili waliokuwa safarini waliuawa kwa mikuki. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walishambuliwa. Hawa nao walikuwa raia, na damu yao haigeuki kuwa halali kwa kuwa aliyeimwaga alikuwa akipigania nchi yake. Tunalisema hili katika tamko letu wenyewe kwa sababu hatuwezi kumdai mwingine ukweli tunaouficha nyumbani. Hata hivyo, kugawana lawama hakumaanishi kugawana sawa kwa sawa. Askari aliyechoma kijiji alifanya dhambi ya kijiji kile. Aliyekaa ofisini, akapima, akaona kwamba njaa itafanya kazi ambayo risasi haikuiweza, kisha akaiachia nchi nzima, anabeba mzigo wa nchi nzima. Na serikali iliyomtuma, ikamlipa na kumpokea nyumbani kwa heshima, inaubeba pamoja naye.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, akakutana na wajukuu na vitukuu wa Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu zao. Tuliupokea msamaha ule kwa moyo mweupe. Kuja mwenyewe, kusimama mbele ya wenye msiba na kutamka neno hilo si jambo dogo, na wazee waliokuwepo wanalisimulia kwa heshima. Lakini msamaha wa mtu mmoja, hata akiwa rais, haujawa kauli ya Bunge la nchi. Na msiba wa Songea unaotajwa zaidi ni wa kitanzi na wa fuvu la Nduna ambalo bado linatafutwa. Tunaliomba Bunge la Ujerumani litamke kwa azimio lake kwamba katika vita vya Maji Maji njaa ilitumiwa kuwa silaha dhidi ya raia, na litumie maneno hayo hayo. Kwa Namibia, mwaka 2021, Ujerumani iliahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, na wengi miongoni mwa Waherero na Wanama walilalamika kwamba waliamuliwa bila kushirikishwa ipasavyo. Sisi hatutaji kiasi chochote. Tunataka tu kwamba, mazungumzo ya namna hiyo yakifika kwetu, vijiji vya Umatumbi, Ungindo, Upogoro, Ubena na Ungoni viwe na kiti mezani tangu siku ya kwanza.

Tunaliomba jambo hili pia kwa ajili ya walio hai. Itifaki ya Geneva ya mwaka 1977 inakataza kuwatia njaa raia kama mbinu ya vita, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lililaani mbinu hiyo kwa azimio namba 2417 la mwaka 2018. Pamoja na hayo, mwaka 2024 njaa ilithibitishwa katika kambi ya Zamzam huko Darfur, na taarifa nyingi zilizotufikia zilisema kwamba hali ya chakula imezorota. Imezorota, kana kwamba hakuna aliyefunga njia za chakula.

Kwa wenzetu wa hapa nyumbani tunayo maombi ya karibu zaidi. Watunzi wa vitabu vya Historia ya Tanzania na Maadili waibadilishe ile sentensi, na waeleze nani aliyechoma nafaka na kwa nini. Makumbusho ya Songea yatenge ukuta kwa ajili ya waliouawa kwa njaa. Ripoti za maofisa wa Kijerumani, zilizomo katika hifadhi za nyaraka za Berlin na Dar es Salaam, zitafsiriwe kwa Kiswahili, ili mjukuu wa Nandete azisome bila mkalimani.

Nasi tumejipa kazi yetu. Kuanzia muhula ujao, kila mwanafunzi wa shule zetu ataulizia nyumbani kama ukoo wake unamkumbuka yeyote aliyepotea katika njaa ile. Jina litakaloletwa litaandikwa katika daftari la shule, pamoja na kijiji na jina la aliyesimulia, na nakala itapelekwa Songea kila Februari. Tumekubaliana pia namna ya kuwaandika watoto ambao majina yao yamesahaulika: mtoto ataandikwa kwa jina la mama yake, na kama la mama nalo limepotea, ataandikwa kwa jina la kijiji.

Limetolewa na Kamati Tendaji, kwa niaba ya wanachama wote.